Kipando Kimoja, Ekari Moja: Hesabu ya Marando ya Mapambo

Chukua kipando kimoja cha kiazi kitamu cha mapambo, kile chenye majani ya kijani kinachoelekea njano, yanayomwagika kutoka kwenye vyungu vya mbele ya hoteli. Au chukua ndugu yake mwenye majani ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kikate urefu wa sentimita 25, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, vifundo 2 au 3 viwe chini. Baada ya wiki 8 kitakuwa kimetambaa vya kutosha kukatwa vipando 5 bila kudhoofika. Hapo nimehesabu kwa uchache, kwa sababu kitalu kinachotunzwa vizuri hutoa 10 na zaidi. Panda hivyo 5, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Mwaka una mizunguko 6 ya wiki 8 na siku za ziada. Tano ikijizidisha yenyewe mara sita inafika 15,625.

Ekari ina mita za mraba 4,047. Ukipanda kwenye matuta yaliyoachana mita 1, kipando hadi kipando sentimita 30, inameza vipando 13,490. Kipando kimoja kimejaza ekari ndani ya mwaka mmoja, na kimebakiza akiba ya zaidi ya elfu mbili.

Mmea unaozaliana hivyo ulipaswa kuwa karibu na bure. Lakini watu wananunua, na wengine wananunua kila mwaka. Wanacholipia hasa si marando: wanalipia muda, joto, jina la aina, usafi wa mbegu, chombo, na juu ya yote maji. Nataka kuvipima vitu hivyo kimoja kimoja, kwa sababu naona wapenda bustani wengi wanatoa fedha mahali pasipohitaji fedha, halafu wanabana mahali panapohitaji. Bei za shilingi na dola nitakazotumia ni za mfano tu. Msomaji aondoe zangu aweke za mtaani kwake. Vipimo vya eneo, ujazo na maji vitabaki vilevile.

Kwanza tumtambue mwenyewe. Marando ya mapambo ni kiazi kitamu hasa, Ipomoea batatas, spishi ileile ya viazi vya chai ya asubuhi na ya matembele yanayouzwa kwa mafungu sokoni. Tofauti ni kwamba wafugaji wa mimea walichagua rangi na umbo la jani badala ya kiazi. Aina kama Blackie na Margarita zilienea kwenye bustani za Marekani miaka ya 1990, pamoja na Tricolor, yenye mabaka ya waridi na nyeupe. Zote hutoa viazi chini ya udongo. Vinalika, ila havina utamu wa kumridhisha mtu.

Tuanzie huko Marekani, maana ndiko soko la mmea huu lilikokulia, na ndiko hesabu yake inakoeleweka kirahisi. Tuseme mtu wa Minnesota, ambako Waswahili wa Kenya na Tanzania si wachache, anataka kufunika mita za mraba 10 mbele ya nyumba. Akipanda kwa nafasi ya sentimita 40 kila upande, anahitaji miche 63. Kwa dola 5 mche mmoja, analipa dola 315. Je, hawezi kununua 3 akasubiri? Mitatu ikatwe baada ya wiki 8 iwe 15, hiyo nayo ikatwe baada ya wiki 8 nyingine iwe 75. Imetosha. Lakini wiki 16 ni siku 112, na kiazi kitamu hakiwezi kutolewa nje kabla baridi ya kugandisha haijakwisha, yaani kwenye mwezi Mei. Siku 112 zikimalizika, Septemba imefika, na baada ya wiki chache tu jalidi litayaangusha majani yote yakiwa meusi na laini. Amengojea kiangazi kizima ili apate bustani ya wiki tatu. Kwa huyo, dola 315 si ujinga. Ananunua muda ambao tabianchi yake haimpi.

Na aliyemuuzia amelipa pia. Mmea huu hustawi vizuri kati ya nyuzijoto 24 na 30, na ukishuka chini ya 12 hivi husimama kukua. Ili miche iwe tayari mwezi Mei, kitalu nyumba kimepashwa joto tangu theluji ingali nje. Sehemu kubwa ya bei ya ule mche ni moto wa miezi ya baridi.

Kuna njia ya kuikwepa gharama hiyo, na mimi ningemshauri kila Mswahili anayeishi kwenye baridi aijaribu: mwishoni mwa Septemba kata vipando 5, vitie kwenye glasi ya maji karibu na dirisha lenye jua. Mizizi hutoka ndani ya siku chache. Vihamishie kwenye vikopo, vipitishe majira ya baridi ndani ya nyumba, kisha mwezi Machi anza kukata. Watano wa Machi ni 25 wa Mei. Hizo ni dola 125 ambazo hazikutoka mfukoni.

Hapo ndipo linapoingia suala la jina. Sheria ya Marekani inaruhusu aina mpya ya mmea kupewa hataza ya miaka 20 tangu siku ya kuombwa, na ndani ya muda huo ni marufuku kuuzalisha kwa vipando bila ruhusa ya mwenye hataza. Aina za zamani kama Blackie na Margarita haziko chini ya kifungo hicho. Aina nyingi za baadaye ziko, na ndiyo maana kibandiko cha chungu kinastahili kusomwa kabla ya kushika kisu. Hataza zilizoombwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeanza kuisha, kwa hiyo uwanja wa aina huru unapanuka mwaka hadi mwaka. Upande wetu, haki za mgunduzi wa aina hutolewa nchi kwa nchi. Kenya iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Mwenye kitalu cha biashara asidhani kwamba aina iliyotoka mbali haina mwenyewe.

Siwaonei wivu wenye hataza. Kazi ya kutafuta aina mpya ya kiazi kitamu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mmea huu una kromosomu 90, seti 6 za 15, na mbegu yake ya ua haimfuati mama: ukipanda mbegu 1,000 unapata mimea 1,000 isiyofanana. Mfugaji huikuza, huitazama, huitupa, hadi abaki na mmoja unaostahili kupewa jina, kisha anauzalisha kwa vipando ili usibadilike. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, mjini Raleigh, Craig Yencho na Ken Pecota walifanya hivyo kwa marando ya mapambo wakatoa mfululizo wa Sweet Caroline: mimea isiyotambaa ovyo, yenye majani ya rangi na maumbo mbalimbali. Hawakuwa watu wa maua tangu mwanzo. North Carolina ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu tangu 1971, na wawili hao ndio waliotoa Covington mwaka 2005, kiazi cha kula kilichotawala mashamba ya jimbo hilo. Mwaka 2014 chuo hicho kilipokea dola milioni 12.4 kutoka Gates Foundation kwa utafiti wa jenomu ya kiazi kitamu kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara, kazi iliyowashirikisha pia watafiti wa Uganda. Ujuzi unaozaa ua la chungu na ule unaozaa chakula umekaa katika maabara moja, na kwangu hilo linatosha kuliheshimu ua la chungu.

Sasa turudi Dar es Salaam, au Mombasa, au Tanga, kwenye zile mita za mraba 10. Hapa hakuna jalidi. Marando yanaishi mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka, mradi yakatwe na kupandwa upya yanapozeeka. Miche 63 ya kitalu cha barabarani, tuseme kwa shilingi 3,000, ni shilingi 189,000. Mitatu ni shilingi 9,000. Tofauti ni shilingi 180,000, na malipo yake ni kusubiri wiki 16. Yule wa Minnesota hakuwa na hizo wiki, sisi tunazo. Kwa hiyo nasema bila kusita: anayenunua miche 63 ya marando katika ukanda wa pwani ametupa shilingi 180,000, isipokuwa kama ana harusi uani mwezi ujao.

Vyungu vina hesabu nyingine kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa.

Chungu cha duara chenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, kikijazwa hadi sentimita 3 chini ya ukingo, kinachukua lita 19 za udongo. Ni ujazo wa ndoo ya lita 20, na ndoo ya rangi iliyotumika, ikioshwa vizuri na kutobolewa matundu 5 chini, inafanya kazi ileile. Matundu hayo si hiari, kwa sababu mizizi ya kiazi kitamu huoza haraka kwenye maji yaliyotuama. Vyungu 10 vinahitaji lita 190 za mchanganyiko: nusu udongo wa juu, robo mboji au samadi iliyoiva, robo mchanga. Udongo wa aina hiyo ukilowa hufika kama kilo 1.5 kwa lita, kwa hiyo chungu kimoja ni karibu kilo 30 na kumi ni karibu kilo 300. Kwenye uwanja si neno. Kwenye roshani ya ghorofa ya nne ni sawa na watu wazima wanne wasioondoka usiku wala mchana. Wa ghorofani apunguze mchanga, aongeze makumbi ya nazi yaliyosagwa au pumba za mpunga zilizooza, na avipange vyungu karibu na ukuta badala ya ukingoni.

Kila chungu kipewe vipando 3, yaani jumla 30. Nunua miche 6, uipande, subiri mzunguko mmoja, unavyo 30. Gharama ya kuanzia basi ni ndoo 10 kwa shilingi 4,000 kila moja, shilingi 40,000. Udongo, mboji na mchanga shilingi 20,000. Miche shilingi 18,000. Jumla shilingi 78,000. Ukitaka vyungu vya kauri vya shilingi 25,000, vyungu peke yake ni shilingi 250,000, na marando yanakuwa pungufu ya asilimia 7 ya matumizi yote.

Halafu maji. Mimea inayofunika ardhi kwenye joto la pwani hupoteza kama milimita 5 za maji kwa siku, ambazo ni lita 5 kwa kila mita ya mraba ya majani. Marando yaliyofunguka kwa upana wa sentimita 70 yana eneo la karibu mita za mraba 0.4, hivyo chungu kimoja kinakunywa kama lita 2 kila siku, na siku za upepo mkali huzidi. Kwa mwaka ni lita 730. Mvua je? Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, lakini mdomo wa chungu ni mita za mraba 0.07 tu. Mvua yote ya mwaka inayoweza kuingia humo ni lita 78, na majani yenyewe, yakishafunika ukingo, huimwaga nyingine nje. Mvua inakidhi sehemu moja kati ya kumi. Mtu anayeacha kumwagilia vyungu mwezi Aprili kwa sababu masika yamefika anaviua kiu huku mvua inanyesha.

Ukubwa wa chungu unaamua pia ni mara ngapi utainama na kopo. Mchanganyiko mzuri hushika maji ambayo mmea unaweza kuyatumia kiasi cha moja ya tano ya ujazo wake. Lita 19 zinaweka akiba ya karibu lita 4, yaani siku 2. Chungu cha lita 10 kina akiba ya siku 1. Chungu cha lita 5, kile cha kuning'iniza ambacho huuzwa zaidi kwa sababu ni rahisi, kina akiba ya nusu siku: usipomwagilia asubuhi na jioni, saa tisa alasiri majani yamelala. Hii ndiyo sababu nawashauri watu wanunue vyombo vichache vikubwa. Urahisi wa chungu kidogo huisha wiki ya kwanza.

Na bei ya maji hayo inategemea yanapotoka. Vyungu 10 vinataka lita 20 kwa siku, lita 600 kwa mwezi. Kwa maji ya bomba, tuseme shilingi 2,000 kwa uniti ya lita 1,000, hizo ni shilingi 1,200 kwa mwezi. Kwa maji ya kununua kwa ndoo, tuseme shilingi 300, ni ndoo 30, shilingi 9,000 kwa mwezi, shilingi 108,000 kwa mwaka. Mwenye bomba analipa shilingi 14,400 kwa mwaka mzima. Asiye nalo, kabla mwezi wa tisa haujaisha, ameshamwagilia fedha nyingi kuliko zile zote alizoanzia. Huyo ana dawa moja ya kweli: maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda, ambayo katika nyumba ya watu sita hayako mbali na ndoo moja kwa siku. Yenye dawa ya kufulia yasiingie.

Rutuba nitaipita haraka. Mkulima wa viazi huogopa naitrojeni nyingi kwa sababu huzaa majani bila viazi. Wewe unataka majani, basi samadi iliyoiva ni rafiki yako. Viazi vikijitokeza ndani ya chungu hula nafasi, kilo 2 zikichukua kama lita 2 kati ya zile 19, na majani huanza kupoa. Kila baada ya miezi 5 au 6 mwaga chungu, toa viazi, rudisha udongo na mboji mpya, panda vipando vipya. Na usile majani ya miche iliyotoka kitalu cha maua, kwani huenda ilipigwa dawa zisizokusudiwa kwa mboga. Ukitaka chungu kinachopendeza na kulisha, panda matembele ya sokoni. Jani lake si la zambarau, lakini linamwagika vilevile.

Kuna namba moja inayotisha katika ule uzazi wa tano kwa tano. Kiazi kitamu hupandwa kwa kipande cha mama, kwa hiyo ugonjwa wa mama hurithiwa mzimamzima. Ugonjwa wa virusi wa viazi vitamu, unaotokea virusi viwili vinapokutana kwenye mmea mmoja, kimoja kikienezwa na nzi weupe na kingine na vidukari, unaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya mavuno shambani. Kwenye chungu utauona kwa majani madogo, membamba, yaliyokunjamana na kupauka. Kipando kimoja kilichougua, kwa hesabu ileile niliyoanza nayo, ni vipando 15,625 vilivyougua, na nzi weupe hawajui mpaka kati ya bustani ya maua na shamba la jirani. Tanzania na Uganda ziko kati ya nchi zinazolima viazi vitamu kwa wingi zaidi duniani. Ndiyo maana kipando cha Margarita kilichofungwa kwenye sanduku la nguo kutoka ng'ambo si zawadi ndogo. Mimea inayovuka mpaka inahitaji cheti cha afya na kibali, kupitia mamlaka za afya ya mimea: kwa Tanzania TPHPA na kwa Kenya KEPHIS. Usumbufu wa kibali una mwisho. Virusi vikishaingia shambani havina dawa ya kupulizia.

Sasa tupandishe ukubwa. Manispaa inataka kufunika ukanda wa katikati ya barabara, kilomita 1 kwa upana wa mita 2. Ni mita za mraba 2,000. Kwa nafasi ya nusu mita kila upande, inahitaji miche 8,000. Ikinunuliwa kwa shilingi 3,000, ni shilingi milioni 24. Kumwagilia milimita 5 kwa siku ni lita 10,000, yaani boza moja kila siku. Tuseme boza ni shilingi 100,000: milioni 3 kwa mwezi, na ndani ya miezi 8 maji yamegharimu sawa na miche yote. Kiangazi cha Juni hadi Septemba peke yake kinameza milioni 12. Marando yaliyokwisha kushika ardhini huvumilia ukame, na kumwagilia siku moja kwa kuruka moja kunashusha hizo hadi milioni 6, majani yakipungua mng'ao kidogo. Lakini yashike kwanza, na kushika kunahitaji mvua. Ukanda upandwe katikati ya Machi, masika yakiingia, na boza halitahitajika karibu hadi Juni.

Ukiihesabu kutoka Machi kurudi nyuma, kalenda inajiandika yenyewe. Ili upate vipando 8,000 katikati ya Machi, uwe na mama 1,600 katikati ya Januari. Kwenye kitalu cha vipando 50 kwa mita ya mraba, hao wanakaa kwenye mita za mraba 32, eneo dogo kuliko darasa la shule ya msingi. Novemba uwe na 320. Septemba uwe na 64. Julai ununue 13, kwa shilingi 39,000. Mtunza kitalu kwa miezi 8, tuseme shilingi 300,000 kwa mwezi, ni milioni 2.4, na kazi yake kubwa kila asubuhi ni kung'oa na kuchoma kila mche wenye jani lililokunjamana. Weka shilingi 500,000 za samadi, vivuli na maji ya kitalu. Ukanda mzima umepata miche kwa pungufu ya shilingi milioni 3, na zile 21 zilizobaki zinaweza kulipa boza la kiangazi cha nusu zamu kwa miaka 3.